Kitufe cha Kitambaa Chekundu

Asubuhi hiyo Dalali alibonyeza kitufe cha njano mara mbili, na sauti yake ikajaa chumba kizima mpaka nje barazani: "Nani anaongeza? Nani anaongeza?"

"Chai imekwisha, Baba Waya," mke wake akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Birika zima umemaliza. Bado kidogo uninywe na mimi."

Dalali akabonyeza cheupe. "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda!"

Mteja aliyekuja kupimwa sketi akacheka mpaka Mama akashindwa kumpima kiuno.

Ndivyo mzee alivyokuwa anaongea. Alikuwa dalali wa mnada, mtu aliyelisha watoto kwa koo lake, anakuuzia kabati la miguu mitatu na wewe unaondoka unashukuru. Halafu kiharusi kikaja, kikachukua ulimi, kikachukua mkono wa kulia, kikavuruga na herufi zote kichwani, hata jina lake hawezi kuliandika. Kijana mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitali ndiye aliyepata wazo. Alizunguka kwa watu wa mnada akakusanya video kwenye simu zao, akakata vipande vya sauti ya mzee, akaviingiza kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani, kila kipande na kitufe chake. Mama akabandika vitambaa juu ya vitufe ili mume wake asihangaike na herufi. Bluu ilikuwa "Sogeeni, sogeeni karibu," yaani njoo. Njano, niongezee. Nyeupe, basi inatosha. Ya mirabaraba ilisema "Shika mwenyewe, usiogope kushika," na hiyo alikuwa anaibonyeza makusudi wateja wakiwepo, Mama anaona haya, anamtupia kipande cha kitambaa usoni.

Nyekundu ilikuwa "Haiuzwi hii. Haiuzwi." Hiyo ndiyo hapana yake, na hakuwa na nyingine. Maana kichwa cha mzee kilikuwa hakiaminiki. Tangu augue, akitaka kukataa kichwa kinakwenda juu chini kama cha mtu anayekubali, halafu siku nyingine kinatii vizuri tu. Huwezi kujua leo kimeamkaje. Nyumbani pale kila mtu alijua hilo. Usifuate kichwa, fuata kitufe.

*

Baba Mdogo, yaani mdogo wake Dalali, alikuja Jumatano na mfuko wa machungwa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Shemeji, mgonjwa anakula?"

"Si huyo hapo. Muulize."

"Analala vizuri?"

"Shemeji, mwenyewe anakusikia."

Hakumuuliza. Alimenya chungwa akaanza kueleza, anamtazama Mama, anamtazama Waya kijana wao, ukuta anautazama, ila si kaka yake. Nyumba ile mama yao aliwaachia wote wawili. Sasa kuna mtu anakitaka kiwanja, anataka kujenga ghala, anatoa hela nzuri ambayo hawataiona tena. Wagawane, kila mtu ashike hamsini zake. "Nyinyi mtapanga sehemu nzuri tu. Na kaka atapata matibabu ya maana, siyo haya ya kubonyezabonyeza."

"Na wateja wangu?" Mama akauliza. "Nitawabeba kwenye mkoba? Watu wananijua hapa barazani. Nikihamia uchochoroni nani atanitafuta kwa ajili ya kupunguza suruali?"

"Wateja wanapatikana popote."

Dalali akanyoosha kidole cha kushoto. Nyekundu. "Haiuzwi hii. Haiuzwi."

Baba Mdogo akaacha kutafuna. Sauti ile ilikuwa ile ile ya zamani, ya uwanjani, yenye mikwaruzo ya jua na vumbi.

"Hiyo ni kompyuta," akasema polepole.

"Ni kaka yako," Mama akasema.

"Haya. Mimi sina ugomvi na kaka yangu. Jumamosi nakuja na mwenyekiti wa mtaa. Kaka akisema hataki mbele ya mwenyekiti, mimi naacha, na machungwa naleta mengine."

Alipoondoka Mama alicheka, akauma uzi. Mwenyekiti yupi, huyu aliyenunua kitanda chake mnadani kwa Dalali? Sauti ile anaijua kuliko ya mkewe. Jumamosi ije hata kesho.

*

Waya hakucheka. Waya alikuwa na lake.

Kijana alimaliza shule mwaka jana, na jina lake la kweli lilikuwa limeshasahaulika kwa sababu popote alipo kuna waya unaning'inia. Alitaka chuo cha ufundi wa kompyuta. Fomu zinajazwa mtandaoni na dirisha lilikuwa linafungwa Ijumaa. Tatizo, kila akifungua ukurasa wa chuo kompyuta inamwambia kivinjari chako ni cha zamani. Akitaka kivinjari kipya, anaambiwa mfumo wako wa kompyuta ni wa zamani. Wenye mfumo ule, watu wa kujitolea sijui wa wapi huko, walishaacha kuushughulikia, wameendelea na maisha yao. Simu yake nayo kioo kimepasuka nusu, fomu haionekani vizuri.

Lakini tuseme ukweli, hata bila fomu angeubadilisha tu. Kwenye makundi ya mtandaoni vijana wenzake walikuwa wanabishana mfumo upi wa bure ni bora kama watu wanavyobishana mpira. Kuna mmoja mpya walikuwa wanausifu, mwepesi, unafufua mashine kuukuu. Yeye alikuwa bado yuko kwenye ule wa wazee, wanamcheka. Alishaupakua wote kwa mtandao wa kuunga kwa jirani. Ulikuwa kwenye flashi mfukoni, unamwasha.

Alhamisi mchana Mama alikwenda kununua zipu. Dalali alikuwa uani kwenye kiti chake cha magurudumu anaota jua, mbali na meza. Waya akachuchumaa mbele yake.

"Baba, nataka kubadilisha mfumo wa kompyuta. Ni wa bure huu, na ule ulikuwa wa bure, hamna gharama. Kabla Mama hajarudi nitakuwa nimemaliza. Nibadilishe?"

Kichwa cha baba yake kikaenda juu, kikaenda chini. Juu, chini.

Waya alijua. Alijua kama anavyojua njia ya chooni gizani. Usifuate kichwa. Ilibidi amsukume mzee mpaka mezani, amwekee kibodi mbele, amuulize tena. Lakini kiti kile gurudumu moja lilikuwa linagoma, na kizingiti kipo, na muda wenyewe ndio huo. Akasema, "Asante, Baba," akaingia ndani. Nyuma yake mzee alitoa mguno, ule mguno ambao huutoa kwa kila kitu.

Hakuwa mjinga. Alihamisha vitu kwenye flashi ya pili kwanza. Picha za familia, akazihamisha. Mitindo ya nguo ya Mama, akaihamisha. Nyimbo, vyeti vyake alivyopiga picha, kila kitu alichokiona. Akatazama tena kama kuna kilichobaki, hakuona. Mfumo mpya ukamuuliza kama afute diski yote, akabonyeza ndiyo. Ukamuuliza tena kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Mama aliporudi alikuta kioo kinang'aa, picha ya mlima, maandishi makubwa safi.

"Umeipaka rangi?"

"Mfumo mpya, Mama. Tazama inavyokimbia. Na fomu nimeshatuma."

"Hongera mwanangu." Akamshika bega. "Haya, mlete baba yako aione."

Wakamvuta mzee mpaka mezani. Dalali alitazama ule mlima, halafu akabonyeza bluu. Kimya. Kwenye kioo ikatokea herufi moja. Akabonyeza tena, zikawa mbili. Akabonyeza njano. Akabonyeza mirabaraba. Akarudi kwenye nyekundu akaiminya bila kuachia, na herufi zikaanza kukimbia mstari mzima, mstari wa pili, wa tatu, kimya kabisa, mpaka Mama akamtoa kidole taratibu.

"Waya," akasema. "Sauti ya baba yako iko wapi?"

*

Fundi kompyuta alikuwa na kibanda kandokando ya barabara, mashine zimepasuliwa kila upande. Ijumaa asubuhi alimsikiliza Waya mpaka mwisho bila kuacha kulehemu.

"Ulihamisha ulivyoviona," akasema.

"Vyote."

"Ndiyo, ulivyoviona. Kwenye mifumo hii, faili lolote jina lake likianza na nukta linafichwa. Mtu akiweka mipangilio yake anaiweka humo ili watoto wasichezee. Huyo wa hospitali alikuwa mwangalifu, aliificha sauti ya mzee humo isije ikafutwa kwa bahati mbaya."

"Haiwezi kurudi?" Waya akauliza.

"Ungekuwa umefuta tu, tungejaribu. Wewe umefuta halafu ukajenga nyumba nyingine juu yake." Alimtazama usoni, akaweka chini chuma cha kulehemu. "Lete, tujaribu. Kujaribu sikulipishi."

Programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa ilikwenda mchana kutwa. Ilirudisha vumbi. Kikohozi. Watu wanacheka mbali. "So—" halafu kelele kama mvua juu ya bati. Kuna kimoja walikisikiliza tena na tena, Waya akaapa ni "hai," fundi akasema inaweza kuwa pikipiki.

Waya akampigia yule kijana wa hospitali. Namba haipatikani. Akaenda hospitali, wakamwambia alihamishwa, wapi hawajui, labda ofisi kuu ndiyo inajua, na ofisi kuu imeshafungwa mpaka Jumatatu. Akaenda uwanja wa mnada. Wale waliokuwa na video, mmoja aliibiwa simu, mwingine alimuuzia mtu ambaye naye aliuza. Dalali mpya alikuwa juu ya meza anapaza sauti, akamwona, akamrushia utani: "Mtoto wa bingwa, umekuja kununua au kuuza?" Watu wakacheka. Waya naye akacheka kidogo, maana ungefanyaje.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki duniani. Zamani, kwa kutaka sifa, Waya alichukua kipande kimoja cha sauti ya baba akakifanya mlio wa simu yake, na marafiki wakimpigia wanakufa kwa kicheko. Kilikuwa kile cha kitufe cheupe. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda.

Hicho hakiwezi kumsaidia mtu asiyetaka kuuza nyumba.

*

"Weka ya kwako," Mama alisema Ijumaa usiku. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayepima kiuno. "Wewe ni damu yake. Sema hayo maneno, uyaweke hapo kwenye nyekundu."

Waya alisema "Haiuzwi hii" kwenye simu mpaka akapata moja ambayo haikutetemeka. Kuiweka kwenye kitufe kulimchukua muda kwa sababu mfumo mpya mambo yake yako sehemu nyingine, lakini aliweza. Wakamwita Dalali. Akabonyeza. Alipoisikia sauti ya mwanawe inatoka pale ilipokuwa yake, aliondoa mkono kwenye kibodi kama amegusa jiko, akauficha chini ya shuka.

"Baba, ni ya Jumamosi tu," Waya akasema. "Jumamosi tu, halafu naifuta."

Mzee hakumtazama.

*

Jumamosi Waya alizima simu kabisa asubuhi mapema. Alikuwa anaogopa mtu asije akampigia mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye haya, mnene, anayevua viatu mlangoni hata akiambiwa asivue. Alimsalimia Dalali kwa kumshika mkono ule mzima, akasema kitanda bado kiko imara. Baba Mdogo alikuwa amevaa shati jipya, ana karatasi kwenye bahasha na kidau cha wino.

"Kaka," mwenyekiti akasema, "hapa mimi sina upande. Ndugu yako anataka kuuza. Nataka nisikie kwako mwenyewe. Unasemaje?"

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akausogeza mkono wa mume wake taratibu mpaka kwenye kibodi, akauachia. Kidole kikakaa juu ya kitambaa chekundu, kikaminya.

"Haiuzwi hii. Haiuzwi," ikasema sauti ya Waya.

Mwenyekiti akamgeukia Waya, ambaye alikuwa amefumba mdomo.

"Hiyo ni sauti ya kijana."

"Ya baba ilipotea," Waya akasema. "Nilibadilisha mfumo, ikafutika. Lakini ni maneno yake yale yale. Baba Mdogo mwenyewe aliyasikia Jumatano kwa sauti ya Baba. Muulize."

Wote wakamwangalia Baba Mdogo. Alikohoa. "Nilisikia kompyuta inaongea," akasema. "Jumatano ilikuwa na sauti ile, leo ina hii. Kesho wataweka ya kwangu inasema uzeni. Mwenyekiti, mtoto anaandika anachotaka yeye, mgonjwa anabonyeza tu. Hivi hapo nani anaongea?"

Mwenyekiti alijipangusa shingo. "Ningeisikia ile yake," akamwambia Mama, na alikuwa anasema kweli, "ningevaa viatu vyangu nikaondoka. Ile naijua." Akainama karibu na mzee. "Dalali. Unakubali kuuza nyumba hii?"

Kichwa kikaenda juu, kikaenda chini.

"Usikifuate kichwa," Mama akasema haraka. "Mwenyekiti, kichwa chake kimechanganyikiwa tangu augue, kinakubali kila kitu. Kila mtu humu anajua."

"Sasa shemeji ndiye msemaji," Baba Mdogo akasema kwa upole. "Mkono si wake, kichwa si chake. Kilicho chake nini?"

"Mjaribu," Mama akasema. "Mwenyekiti, nakuomba mjaribu. Muulize kama mimi ni mama yake mzazi. Utaona kitakavyokubali."

Mwenyekiti akasita, akaona aibu kidogo, lakini akauliza. "Dalali, huyu mama hapa ni mama yako mzazi?"

Dalali akamtazama mkewe. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda, kicheko kikamtoka, kile cha pembeni. Na kichwa, kichwa ambacho juzi tu kilikubali kwamba paka wa jirani ni ng'ombe, kikaenda kushoto, kikaenda kulia, polepole, wazi kabisa. Hapana.

Siku hiyo, kwa swali hilo, kiliamua kutii.

Baba Mdogo akatazama chini. Hata yeye hakucheka. "Akili yake iko sawa," akasema.

"Muulize tena ya nyumba," Mama akasema. "Tena."

Mwenyekiti akauliza tena, taratibu, kama mtu anayemsemesha mtoto. Juu, chini. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee sasa, lakini machozi nayo humtoka hata akiona jua. Waya alipiga magoti karibu na kiti akasema, "Baba, tikisa kama ulivyotikisa sasa hivi. Hivyo hivyo, Baba," na kichwa kikaendelea, juu, chini, juu, chini, na macho ya mzee yamemganda mwanawe usoni kama ya mtu anayesukumwa kwenye mteremko.

"Nimeuliza mara ya tatu," mwenyekiti akasema. "Niulize mara ngapi?"

Kidole gumba walikichovya wao kwenye wino, wakakibonyeza kwenye karatasi. Kilikuwa kilegevu, hakikukataa wala hakikusaidia. Baada ya hapo Baba Mdogo akatoa kitambaa chake cheupe mfukoni akamfuta kaka yake wino kwa uangalifu mkubwa, mpaka chini ya ukucha, kama wanavyofutwa watoto wakimaliza kula.

*

Chumba walichopanga kiko nyuma ya nyumba za watu, unapita kamba za nguo tatu kukifikia. Cherehani iliingia kwa ubavu. Wateja wawili watatu walifika mwanzoni, wakamwambia Mama amejificha, halafu wakaacha kuja. Kompyuta iko juu ya ndoo iliyofunikwa ubao. Inafanya kazi vizuri. Kila asubuhi Waya anafungua ukurasa wa chuo na kila asubuhi ukurasa unafunguka mara moja, bila kugoma, na kumwambia ombi lako linashughulikiwa.

Vitambaa bado viko kwenye vitufe. Hakuna aliyevibandua, na hakuna anayemsogezea mzee kibodi. Akitaka kitu anaguna, wanakisia. Maji? Mto? Unataka kugeuka? Kichwa kinakubali vyote.

Siku moja mchana jirani alimpigia Waya kuhusu redio ya kutengeneza. Waya alikuwa ameshaiwasha simu siku nyingi bila kuukumbuka ule mlio. Ikalia mfukoni: "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, imekwenda!"

Cherehani ikasimama. Waya akaingiza mkono mfukoni kuikata, na baba yake akatoa sauti. Haukuwa ule mguno wa siku zote. Ule mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka, kidole kinaelekea mfukoni kwa Waya, na haukushuka hata simu ilipokata yenyewe.

Mama akainuka. Akachukua simu yake ndogo juu ya cherehani, akaipekua, akatafuta jina la mwanawe.

"Mama, usi—"

"Yako iweke hapo mapajani kwake," akasema. "Na usipokee."

Akapiga. Sauti ikajaa chumba, na kwa sababu chumba ni kidogo ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kule kwao, mpaka mtu aliyekuwa anaanika nguo nje akageuka kutafuta mnada uko wapi. Imekwenda. Imekwenda. Ikalia mpaka mwisho wake ikakatika.

Kichwa cha Dalali kikaanza kwenda, juu, chini, juu, chini. Waya akamwangalia Mama, Mama akamwangalia mume wake, na hakuna hata mmoja aliyejua kama anawaambia wapige tena au waache.

Mama akapiga tena.